Diski Haikuwa Imekufa

Nitamwita Mwenye Saiba tu, maana wako wengi kama yeye Webuye, na kisa hiki si cha mtu mmoja. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka wa 2009, mji ulibaki na biashara ndogondogo: bodaboda, duka la M-Pesa, kibanda cha chakula, saiba. Saiba ndiyo ofisi ya watu wasio na ofisi. Hapo mtu hujaza fomu ya KRA, mwanafunzi huomba mkopo wa HELB, na familia iliyofiwa huchapisha programu ya mazishi usiku wa manane. Mwenye Saiba, mama mmoja, alikuwa pia mwekahazina wa chama cha akina mama, na daftari la chama, michango na mikopo, lilikaa ndani ya kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa mtumba. Hapakuwa na nakala nyingine popote.

Magharibi mwa Kenya radi hupiga sana, basi kila jioni mama alizima soketi ukutani. Ni busara. Lakini kompyuta ikikatiwa umeme kabisa, saa yake na mipangilio yake hubaki mikononi mwa betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, iliyobanwa kwenye bodi. Betri kutunza saa na mipangilio ni desturi ya tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka wa 1984. Soketi ikiwa imewashwa, betri hiyo hupumzika. Ikizimwa, betri inafanya kazi usiku kucha, na baada ya miaka huchoka.

Ilipochoka, haikunyamaza. Mtoto wa kaka yake, aliyemsaidia asubuhi, ndiye aliyeona kwanza.

"Shangazi, mashine inasema saa haijawekwa. Inataka nibonyeze F1."

"Bonyeza, watu wanangoja."

Akabonyeza. Kesho yake tena. Tarehe ikawa inarudi nyuma miaka mingi, na tovuti za serikali zikawa zinakataa kufunguka, kwa sababu kivinjari kikiona tarehe isiyolingana na cheti cha tovuti hudai kwamba si salama. Kijana akajifunza kusahihisha saa kabla ya wateja kuingia, na kila mtu akaona tatizo limekwisha. Onyo la kila siku hugeuka kuwa desturi ya kila siku, na hapo ndipo hatari ilipoingia.

Asubuhi moja, betri ilipoisha kabisa, mashine iliwaka, feni ikazunguka, kisha maandishi meupe kwenye kioo cheusi yakasema hakuna kifaa cha kuanzia. Nje palikuwa na foleni. Fundi akaitwa.

"Mama, diski imekufa. Niweke Windows upya?"

"Weka, mwanangu, lakini upesi."

Kama diski imekufa, Windows mpya itakaa wapi? Swali hilo halihitaji kisomo cha kompyuta, na lingeokoa kila kitu. Anayependekeza kuweka Windows upya amekwisha kukiri kwamba diski ni nzima. Ujumbe ule ulisema tu kwamba mashine ilitafuta mahali ilipoagizwa itafute, na haikupata kitu cha kuiwasha.

Kilichotokea ni hiki. Fundi wa zamani, aliyeiandaa mashine ile, alikuwa amegawa diski kwa mtindo wa zamani wa MBR, akabadilisha mpangilio wa BIOS, yaani programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, kutoka UEFI kwenda ule wa zamani, Legacy, ili iwake. Betri ilipoisha nguvu, bodi ilisahau badiliko hilo, ikarudi kwenye mpangilio wake wa kiwandani, UEFI. Diski ilikuwepo, mafaili yalikuwepo, ila mlango uliokuwa ukitumika haukujulikana tena.

Fundi akachomeka flashi, akaanza. Programu yenyewe ya kuweka Windows ikamwonyesha diski, na ukubwa wake, na sehemu zake zote. Alipochagua mahali pa kuiweka ikakataa, ikamwandikia wazi kwamba diski ina jedwali la MBR na mfumo wa EFI unataka mtindo wa GPT. Jibu la ugonjwa lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yake. Naye akalisoma kama kizuizi cha kuondolewa: akafuta sehemu moja, akafuta ya pili, akafuta ya tatu, ikabaki nafasi tupu, na Windows ikakubali.

Angefanya nini? Angeanza kwa kuchomoa flashi yoyote iliyosahaulika nyuma ya mashine, maana nayo huweza kuipotosha mashine. Kisha angeingia kwenye mipangilio, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, atazame mambo mawili: tarehe, na kama jina na ukubwa wa diski vimeorodheshwa. Diski ikionekana na tarehe ikiwa ya ajabu, shaka iende kwenye betri. Badilisha betri, rekebisha saa, jaribu Legacy. Isipoonekana, zima, chomoa waya wa umeme, fungua, kaza kebo mbili za diski, ya data na ya umeme, kwa sababu vumbi na kusukumwasukumwa huzilegeza. Diski ikigonga ta-ta-ta, usiiwashe tena na tena. Na kabla ya kufuta lolote, diski ichomolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, mafaili yanakiliwe. Fundi anayesema hana muda wa hilo, mimi simwachii mashine.

Saiba ilifunguliwa tena kabla ya saa sita, na mama akalipa kwa shukrani. Jioni ndipo alipotafuta daftari la chama. Kesho yake mashine ikaomba F1 tena, maana betri ilikuwa ile ile.

Fundi mwingine, Bungoma, alijaribu PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa. Kufuta sehemu hakufuti data papo hapo kwenye diski ya kuzunguka, lakini Windows mpya huandikwa juu yake, na siku nzima ya kazi pia. Zilirudi picha nyingi na barua nyingi, zote bila majina yake, tarakimu tupu. Daftari lililopatikana lilikuwa toleo la zamani. Akina mama wakakaa na simu zao, wakapitia ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine, na michango mingi ikarudi kwenye hesabu kwa njia hiyo. Mikopo iliyotolewa kwa pesa taslimu haikuwa na ujumbe wowote, na wawili kati ya waliokopa walikana.