Zamu ya Ngamia na Maji ya Mzima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, kila alfajiri muadhini amalizapo adhana, watu wengi katika mji wa Mombasa hufungua mifereji ya misikiti wakatawadha. Ni wachache mno wanaojiuliza: Maji haya yametoka wapi? Hayatoki visima vya mitaani peke yake, kwani vingi vya visima hivyo vimeingiwa na chumvi na uchafu. Sehemu yake yatoka chemchemi ya Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, yakasafiri katika bomba la urefu wa kilomita 220 hivi, lililojengwa katika miaka ya 1950, nalo lilikusudiwa kuchukua kiasi cha lita milioni 35 kwa siku.

Lakini Mzima nayo si mwanzo wa safari. Mwanzo wake ni milima ya Chyulu. Milima hiyo ni ya majivu na mawe ya volkano, yenye matundu mengi, hata hapana mto uwezao kupita juu yake. Mvua inyeshapo, na ukungu unaswapo na miti ya msitu wa kileleni, maji huzama ardhini, yakaenda chini kwa chini kiasi cha kilomita 50, yakichujwa na mawe, mpaka yakatokea Mzima meupe kama kioo. Wataalamu wanakadiria kwamba huenda maji hayo yakakaa ardhini miaka 25. Basi tunayoyanywa leo huenda ni mvua iliyonyesha kabla kijana aliyeoa juzi hajazaliwa. Na msitu uchomwao leo, hasara yake huenda tusiione sisi. Wataiona wajukuu zetu, wala hawatakuwa na wa kumlaumu ila sisi.

Mwenyezi Mungu ametujulisha habari hii katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 18: kwamba Yeye ndiye aliyeteremsha maji kwa kipimo, akayatuliza katika ardhi, na kwamba Yeye ni muweza wa kuyaondoa. Mwenye akili na aizingatie aya hii. Neno kipimo lina maana ya kuwa maji hayakosi mwisho. Na neno la kuondolewa ni onyo kwa asiyeshukuru.

Katika mabwawa ya Mzima wanaishi viboko. Huenda mtu akasema: Sisi na viboko wapi na wapi? Jibu lake ni hili. Kiboko hutoka usiku akala majani, kiasi cha kilo 40, na mchana hurudi majini. Kinyesi chake ndicho chakula cha wadudu wa majini. Wadudu huliwa na samaki. Samaki huliwa na ndege. Kwa hivyo mnyama huyu tumwonaye mzito asiye na kazi ni mpishi wa umma mzima. Na umma ndilo neno la Qurani yenyewe, kwani katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, tumeambiwa kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi.

Sasa tazama yapatikanayo mizani hii ikivunjwa. Huko Tanzania uko mto uitwao Ruaha Mkuu, upitao katika mbuga ya Ruaha. Zamani ulikuwa ukipita mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, na sababu kubwa ni maji yachukuliwayo juu, katika bonde la Usangu, kumwagilia mashamba ya mpunga. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulieleza matokeo yake: mto ukisimama, viboko husongamana katika madimbwi machache, kinyesi chao hukosa cha kukichukua, hewa ya majini humalizika, na samaki wa namna nyingi hutoweka. Kile kile kilichokuwa rehema katika maji yapitayo, hugeuka sumu katika maji yaliyosimama. Kiboko hakubadilika, aliyebadilisha ni mwanadamu.

Ndugu zangu, mambo haya hayakuwa mageni katika dini yetu. Kumbukeni kisa cha Nabii Salih na kaumu ya Thamud. Mwenyezi Mungu aliwapelekea ngamia awe ishara kwao, na sharti ilikuwa nini? Haikuwa fedha wala vita. Ilikuwa ni zamu ya maji: siku yake ngamia, na siku yao wao. Wakaona mnyama hana haki mbele ya watu, wakamchinja, wakaangamia. Kisa hiki kimekaririwa katika Sura ya Ash-Shu'araa na Sura ya Al-Qamar, nasi twakisoma kila Ramadhani. Je, twakisoma kwa ulimi tu?

Huenda akatokea mwingine akasema: Mjini watu wana kiu, nawe watuhutubia habari za wanyama, je, mwanadamu si bora? Twamjibu: Naam, kiu ya mwanadamu hutangulia, wala hapana mwanachuoni aliyekataa hayo. Lakini baada ya kiu ya mtu huja kiu ya mnyama, kisha ndipo shamba. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, aliye na maji machache, naye ana mnyama wa kuhifadhiwa mwenye kiu, ana ruhusa kutayammamu ili maji yawe ya mnyama. Sala ni nguzo ya dini, na hata hivyo sharia imeyatoa maji ya udhu kwa ajili ya koo la mnyama! Tena yatupasa tuseme kweli: maji tuyamwagayo barabarani kwa bomba lililotoboka si kiu. Mfereji uachwao wazi huku watu wawili wakizungumza si kiu.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kama kibaba, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Ni nani kati yetu atawadhaye kwa kibaba? Wengine humaliza ndoo nzima, kisha husimama katika sala wakidhani kuwa wamezidisha usafi, kumbe wamezidisha israfu.

Wala isitoshe mvua ikichelewa kupeleka ubani na mbuzi mapangoni. Hayo hayamo katika Kitabu wala Sunna. Lililomo ni toba, na sala ya kuomba mvua, na kuacha dhulma. Na katika dhulma ni kukata msitu uletao maji.

Basi yatupasa mambo haya. Kwanza, kamati ya kila msikiti itazame mifereji yake, ivujayo itengenezwe, na watu wafundishwe udhu wa Sunna. Pili, tusinunue maji ya bomba lililotobolewa kwa wizi, kwani mnunuzi ni mshirika wa mwizi. Tatu, tuulize makaa tupikiayo yametoka wapi. Ikiwa yametoka msitu wa Chyulu, au msitu wa Shimba ambao chemchemi zake za Marere nazo zaleta maji mjini, basi tunachoma kikombe chetu wenyewe. Nne, walimu wa vyuo wawaeleze watoto kisa cha ngamia wa Salih pamoja na habari za Mzima, ili wajue kuwa Qurani haikuteremshwa kwa watu waliopita peke yao.

Lilipojengwa bomba la Mzima, mabwawa ya viboko hayakukaushwa. Wanyama waliachiwa fungu lao. Hiyo ndiyo zamu, nayo ni amana mikononi mwetu. Tukiivunja, tumekwisha soma mwisho wa walioivunja kabla yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kushukuru, wala asituondolee maji yetu kwa dhambi zetu. Amin.