Pepo, Degedege na Dai la Freud

Katika kitabu chake cha 1972, mwanaanthropolojia David Parkin alieleza habari za Wagiriama wa Kaloleni, pwani ya Kenya, waliopandwa na pepo wa Kiislamu, wakawa hawanywi mnazi wala hawali na wenzao karamuni. Yeye aliona uchumi: aliyejitenga hivyo aliweza kuweka akiba na kununua minazi ya jirani. Miongo mitatu baadaye mwanaanthropolojia Janet McIntosh, akitafiti Malindi, alikuta watu ambao pepo huwatapisha vyakula vya haramu, akaona humo ubwana wa Waswahili na Waarabu uliopenya hadi mwilini mwa Mgiriama. Mfuasi wa Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, angeona tamaa iliyokandamizwa ikitafuta pa kutokea. Mganga hana haja ya hayo yote. Pepo ni pepo. Kila maelezo yanaingia bila kukwama popote, na hapo ndipo mushkili ulipo. Linganisha na degedege ya watoto, ambayo wazazi wengi wa Kilifi waliihusisha na nyuni, pepo wa ndege. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliposema kwamba nyingi inaletwa na malaria, walijitia hatarini: malaria ikipungua na degedege isipungue, dai limeanguka. Malaria ilipungua huko mwanzoni mwa karne hii, na watoto waliofikishwa hospitali ya Kilifi kwa degedege wakapungua nao.

Dai la Freud nalo litapimwaje? Yeye alijibu kwamba ushahidi wake ni mgonjwa: akipewa tafsiri ya kweli, hupona. Lakini aliyechezewa ngoma ya pepo naye huinuka akarudi shambani, kwa hiyo kupona ni shahidi anayemtetea yeyote amwitaye. (Mwanafalsafa Adolf Grünbaum aliibana hoja hiyo barabara mwaka 1984, ingawa hakuhitaji kufika Kaloleni.) Mwanafalsafa Habermas alitafuta njia nyingine ya kumtetea: Freud alijidhania mwanasayansi tu, kazi yake hasa ni kufasiri maana. Siridhiki. Freud hakusema tu kwamba dalili ina maana, alisema kilichokandamizwa ndicho kinachoileta. Anayetaja chanzo amekwisha kuingia uwanja wa daktari wa malaria, na kipimo ni kilekile.

Mlango haujafungwa, lakini. Mfuasi wa Freud na aseme mapema, kwa kutazama malezi ya utotoni, ni vijana gani watakaopandwa na ni wepi hawatapandwa. Anayeamini uchumi aandike orodha yake, na anayeamini ubwana yake. Mtu wa nne, asiyeziona orodha hizo, ahesabu waliopandwa kweli. Zikitofautiana, hawawezi wote kuwa wamepatia.