Alasiri ya Mtoto ni ya Nani?

Ngara ya Nairobi ilikuwa makazi ya Wahindi wengi zama za ukoloni, na skuli zilitengwa kwa rangi. Baada ya uhuru wa 1963 mpaka huo uliondolewa, na leo wana wa makabila na dini mbali mbali hukaa darasa moja. Lakini kengele ya mwisho ikilia hutawanyika, kila mmoja kwa watu wake.

Twauliza: watajuana wapi? Darasani mtoto hushindana na mwenziwe. Katika mpira na bustani humhitaji. Wako wazazi wanaochelea michezo hiyo isimtoe mtoto katika dini. Sisi twaona dini itolewayo na mpira wa saa moja haikutiwa vyema nyumbani.

Basi, ndugu zetu, alasiri mbili za juma ziwe za skuli, zilizobaki za chuo. Tusimnyime mtoto elimu ya dini yake, wala tusimnyime wenziwe.