Siku ya Kurudi: Mgeni, Nahodha na Upepo

Katika likizo ya baharini, siku iliyo ngumu kuliko zote ni ya mwisho. Siku za mwanzo mtu hana saa. Anakula samaki aliyevuliwa asubuhi, analala mchangani, na upepo ukikataa hakuna anayelalamika. Siku ya mwisho mambo hubadilika. Kuna tiketi ya basi au ya ndege, kuna kazi Jumatatu, kuna mama aliyeahidiwa kwamba mwanawe atafika. Bahari ni ile ile na chombo ni kile kile, lakini sasa tarehe nayo imepanda chomboni na inataka kushika usukani. Katika insha hii nauliza: tarehe na upepo vikigombana, nani ana haki ya kuamua kama chombo kiondoke? Ni mgeni aliyelipa au nahodha anayeijua bahari?

Tuchukue mfano wa Lamu, nchini Kenya. Wageni hukodi mashua au jahazi huko kwa siku tatu au nne, wakapita visiwa vya Manda na Pate hadi Kiwayu, kisiwa chembamba kilichoko kaskazini-mashariki. Mwezi wa Agosti ni msimu wa kusi, yaani upepo unaovuma kutoka kusini. Kwenda Kiwayu kwa kusi ni raha. Upepo uko nyuma, tanga limejaa, safari ni nyepesi. Lakini raha hiyo ni deni, na hulipwa siku ya kurudi. Siku hiyo kusi iko mbele, na chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Kinakwenda upande mmoja, kinageuza, kinakwenda upande wa pili, na kila mara kinasogea kidogo tu. Mabaharia huita kazi hiyo kubisha, neno lile lile tunalolitumia kwa mtu anayepinga maneno ya mwenzake.

Tena kuna habari ya maji. Nje ya miamba kusi huinua mawimbi makubwa. Ndani kuna njia tulivu zaidi, mkondo wa Mkanda kati ya Manda na bara, lakini maji yake ni haba na chombo hupita vizuri maji yakijaa. Maji nayo hayafuati saa za ofisi. Kila siku hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo nahodha akisema, "Leo hatutoki," si lazima awe mvivu. Huenda amepiga hesabu ambayo mgeni hawezi kuipiga.

Nianze na hoja ya mgeni, kwa sababu si hoja ya kudharau. Mgeni amelipa na makubaliano ni makubaliano. Yaliandikwa au yalisemwa kwamba Jumapili atakuwa Lamu. Akichelewa anaweza kukosa mtihani au kupoteza kazi, na hasara hiyo si ya mchezo. Wahenga nao wako upande wake: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Hoja ya nahodha ina nguvu zaidi. Wahenga hao hao walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mataifa pia yameliona jambo hili. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliandikwa mwaka 1914. Mkataba unaotumika sasa ni wa mwaka 1974, pamoja na marekebisho yake, nao unasema kwamba mwenye meli, aliyeikodi au mtu mwingine yeyote asimzuie nahodha kufanya uamuzi ambao kwa maoni yake unahitajika kwa usalama wa watu. Mkataba hausemi kwamba nahodha hakosei. Unakubali tu kwamba uamuzi wa bahari umwendee anayeiona bahari, naye yumo katika chombo hicho hicho.

Wengi wangeishia hapo: nahodha ameshinda, insha imekwisha. Mimi naona jibu hili halitoshi. Haki iliyoandikwa karatasini ni kitu kimoja, na haki ambayo mtu anaweza kuitumia ni kitu kingine. Fikiria nahodha wa mashua ndogo. Amepewa nusu ya fedha mwanzoni, akanunua mchele, maji na makaa. Nusu ya pili atapewa wageni wakifika. Vijana wake wawili wanangoja mgawo wao. Akisema "Hatutoki," siku moja zaidi ya chakula ni juu yake. Huenda wageni wakamkata fedha na kuwaambia wenzao hotelini kwamba mtu huyu si wa kutegemewa. Basi wageni wanamzunguka na kumwuliza, "Kwani kweli haiwezekani?" Anatazama bahari, anawatazama wao, anasema, "Haya, tutajaribu."

Je, amekubali? Kwa mdomo, ndiyo. Lakini mtu anayesema ndiyo kwa kuhofia chakula cha watoto wake hajakubali kwa uhuru. Ubaya zaidi ni kwamba jambo likiharibika, mgeni atasema, "Mwenyewe alikubali." Atamtwika nahodha lawama ya uamuzi ambao yeye mgeni ndiye aliyeusukuma.

Sisi Waganda hatuna bahari, lakini tuna ziwa na tunajua jambo hili. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 walikufa. Serikali ilisema ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Palipo na wateja wenye furaha na fedha, neno "hapana" ni zito sana mdomoni.

Kwa maoni yangu, basi, wajibu wa mgeni hauanzi asubuhi ya mwisho. Unaanza siku anapopanga safari. Kwanza, aache siku moja ya akiba kati ya kurudi Lamu na kuondoka Lamu. Pili, amalize kulipa jioni kabla ya siku ya kurudi, ili nahodha aitazame bahari bila kutazama mfuko wa mgeni. Tatu, amwambie mapema, mbele ya vijana wake, kwamba siku ya kurudi neno ni lake.

Kuna watakaosema kwamba nahodha akishalipwa atasingizia upepo ili apumzike. Inawezekana. Lakini mgeni aliyedanganywa hupoteza tiketi, na tiketi hununuliwa tena. Tena tunasahau kwamba nahodha naye anarudi nyumbani. Ana mke anayemngoja kama mgeni alivyo na mama anayemngoja, na hana sababu kubwa ya kukaa Kiwayu. Wengine watasema siku ya akiba ni anasa ya matajiri, mwanafunzi hana. Hilo ni kweli, lakini dawa yake ipo: afupishe kwenda, asifupishe kurudi. Ageukie Pate badala ya kufika Kiwayu. Ataona kisiwa kimoja pungufu, na siku ya mwisho hatahitaji kumwomba mtu maskini ahatarishe maisha ya wote ili yeye asikose basi.