Ushujaa wa Kinjeketile

Yupi aliye shujaa zaidi: asiyeogopa kufa, au asiyeogopa kusema, «Nimekosa»? Swali hili laonekana jepesi, mpaka mtu asome mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, alioutoa Ebrahim Hussein wa Tanzania mwaka 1969.

Asili yake ni vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanzania toka 1905 hata 1907. Wadachi waliwalazimisha watu kulima pamba kwa fimbo. Huko Ngarambe, upande wa mto Rufiji, alitokea Kinjikitile Ngwale, akagawa maji ambayo, watu waliamini, yangezishinda risasi. Mkaaji wa Mweso hastaajabu kusikia hayo. Katika Masisi na Walikale, tangu miaka ya 1990, wapiganaji wengi wameitwa Mai-Mai kwa ajili ya maji ya namna hiyohiyo, na wako akina mama ambao wana wao walinyunyiziwa, wakaenda, wasirudi.

Kinjeketile wa mchezo si mwongo. Aliamini kweli kwamba Hongo, mzimu wa mtoni, ndiye aliyempa neno. Kwa neno hilo makabila yaliyochukiana yakapatana, na jambo hili si dogo. Kisha shaka ikamwingia. Akawaagiza watu wangoje. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumzidi nguvu mwenyewe. Wakaenda bila yeye, wakaanguka mbele ya bunduki.

Alipokamatwa, alitakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, mwenzake, akamsihi akubali. Akakataa, kwa kuwa aliona kwamba maneno hayo yangechukuliwa kuwafundisha watoto wasiozaliwa bado kuwa baba zao walikosa walipokataa utumwa.

Je, huo ni uungwana? Mtu hana deni la kumpa adui kila neno alitakalo, hasa neno linalotakiwa kwa kazi mbaya. Hapo Kinjeketile ni mwungwana kabisa. Deni lake lilikuwa kwa wengine, yaani wale vijana waliojipaka maji. Shaka yake hawakwenda nayo vitani. Walikwenda na maji tu. Kusema «Ngojeni» ni rahisi kuliko kusema «Mimi mwenyewe sina hakika tena», tena mbele ya umati ushangiliao!

Wagiriki wa kale walimwonyesha mtu wa namna nyingine katika mchezo wa Sophocles, ambao Samuel Mushi aliufasiri kwa jina la Mfalme Edipode. Tauni iliua watu wa mji wake, naye akaapa kumtafuta aliyemwua mfalme wa kwanza. Mkewe alimsihi aache kuuliza. Aliona njia yaelekea mlangoni pake mwenyewe, akaendelea kuuliza, mpaka akajikuta ndiye mkosaji. Hakujificha, aliomba afukuzwe mjini. Kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la Kinjeketile, lakini raia zake waliusikia ukweli kwake.

Hata hivyo yafaa kumwonea huruma Kinjeketile. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Tarehe 30 mwezi uleule maelfu walilishambulia boma la Mahenge, wakaangushwa na bunduki za mtombo. Hakuwako kuona. Siku ya kulitazama neno lake na kulitilia shaka, Ebrahim Hussein ndiye aliyempa, baada ya miaka zaidi ya 60.