Kinanda Kimefika, Mpigaji Yuko Wapi?

Tangu nitoke Kibwezi nina swali moja: mtu akitoa kitu kizuri kwa moyo safi, halafu kikakaa bure, je, ametoa?

Mnakumbuka tulivyonunua kinanda kipya hapa Kitui, tukasema kile cha zamani kiende kwa ndugu zetu wa Makueni. Tukakipakia kwa pikapu, tukapita Mutomo na Ikutha, tukavuka Mto Athi tukiimba. Tulipokishusha, mama mmoja mzee akakigusa, akauliza, "Na nani atakipiga?" Tukacheka kidogo, tukaomba, tukala, tukarudi. Juzi nimekikuta kimefunikwa leso nyuma ya viti. Stima ipo, mpigaji hayupo.

Yako makanisa yenye vinanda vya mabomba, kama All Saints pale Nairobi. Hivyo havipakiwi kwa pikapu. Kule Uingereza makanisa mengi yalipofungwa, baadhi ya vinanda vyao vilihamia Ujerumani na Uholanzi. Fundi hukifungua kipande kwa kipande na kutia kila bomba alama, maana bomba moja hutoa noti moja tu, na yanaweza kuwa maelfu. Akishakiunga upya ndipo kazi inaanza. Nyumba mpya haina mwangwi wa ile ya kwanza, basi hukaa humo siku nyingi akirekebisha midomo ya mabomba, moja moja, akisikiliza. Akiondoka mapema, amehamisha bati na mbao.

Sasa someni 2 Samweli 6 pamoja na 1 Mambo ya Nyakati 15. Mara ya kwanza Daudi alipandisha sanduku la Mungu kwenye gari jipya, kwa vinubi na shangwe, na Uza akafa njiani. Huwa tunahubiri sana juu ya mkono wa Uza. Mimi siku hizi naangalia lile gari. Lilikuwa jipya, jamani! Lakini palihitajika mabega ya Walawi.

Mtu ataniambia Mungu huangalia nia. Ni kweli. Ila mama yule haoni nia yangu, anaona leso. Na nikijichunguza, sisi tulikuwa tunatafuta nafasi ya kuweka kinanda kipya.

Jumamosi hii kijana wetu wa kinanda anaenda Kibwezi kwa miezi miwili, afundishe watoto wawili wa kule. Nauli na chakula chake ni juu yetu. Hapa Kitui tutaimba kwa makofi na kayamba.