Sikio la Mlenga Shabaha Ni la Nani?

Kijana wa Tukuyu, wilayani Rungwe, akimaliza kidato cha sita anaweza kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Mwenzake aliyebaki kijijini hujiunga na mgambo. Wote wawili ipo siku watalala kifudifudi, bunduki begani, wakilenga shabaha. Na karibu kila kundi halikosi mmoja anayekataa kuziba masikio, eti ukakamavu.

Ukakamavu huo una gharama. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150 sikioni mwa mfyatuaji, na mlio wa ghafla unaozidi 140 unaweza kudhuru papo hapo. Ndani ya sikio mna vinyweleo vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Anayebaki na mvumo usiokoma kichwani hakupungukiwa ujasiri, alikosa vizibo vya bei ndogo. Macho nayo yanataka miwani, maana maganda ya risasi huruka yakiwa ya moto. Moshi na vumbi la uwanjani hubeba madini ya risasi, sumu inayodhuru zaidi ubongo wa watoto. Kwa hiyo mtu hunawa kwa sabuni kabla ya kula, na hubadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe. Rungwe, ambako mvua inaweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, turubai la kulalia si anasa: mwili unaotetemeka kwa baridi haulengi kitu.

Yote haya yangekuwa mambo ya stoo na vifaa, kama si dini. Mtume Muhammad aliwahimiza wafuasi wake wajizoeze kulenga mishale. Lakini Kurani, sura ya 17 aya ya 36, inaonya kwamba kusikia, kuona na moyo vitaulizwa. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, na mwenye nao si wao. Basi anayejitia uziwi ili asifiwe anatapanya amana.

Wamoraviani wana swali gumu zaidi. Wamisionari wao Theodor Meyer na Theophil Richard walifika Rungwe mwaka 1891 wakiwa na kanisa lililozaliwa Kunvald, Bohemia, mwaka 1457, kati ya watu waliofuata mafundisho ya Petr Chelčický. Huyo alifundisha kwamba Mkristo hashiki upanga. Mwaka 1749 Bunge la Uingereza liliwaruhusu Wamoraviani wa makoloni ya Marekani wasibebe silaha. Leo watoto wa kanisa hilo hilo huenda jeshini kama wengine, na Chelčický angewauliza: kama sikio lako ni amana, kifua cha atakayesimama mahali pa shabaha ni cha nani?

Vizibo havijibu hilo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vinajibu nusu: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia, bila waliojua kulenga Kagera isingekombolewa. Nusu iliyobaki ni ya wachungaji na mashehe, nao wangefanya vema kuizungumza na vijana kabla hawajapanda basi, si kuwaombea safari njema tu.

Wazazi nao wana kazi yao. Kijana akirudi na masikio yanayovuma hata siku ya pili, asiambiwe ajikaze. Apelekwe hospitali ya Makandana au Igogwe akaonwe mapema.